Geji ya presha, chupa za kuziba oili na silikoni: kipi kinastahili hela yako kwenye gari la zamani

Ingia duka lolote la spea pale Gerezani, Dar es Salaam, sema gari linavuja oili na taa nyekundu inawakawaka, na kabla hujamaliza maelezo utakuwa umewekewa mezani chupa ya dawa ya kuziba, galoni la oili nzito ya 20W-50, swichi mpya ya oili, tyubu ya silikoni na gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini. Kitu kimoja hakitatajwa, nacho ndicho kilipaswa kutangulia: geji ya kupimia presha ya oili. Tumevipima vyote kwa kuangalia injini zilizojaa barabarani kwetu, yaani 5A-FE na 7A-FE za Corolla na Carina, pamoja na 1NZ-FE ya IST, Probox na Fielder. Hukumu yetu ni kwamba muuzaji anaanzia mwisho.

Tatizo linaanza pale mtu anapochanganya taa na uvujaji. Ile taa nyekundu yenye umbo la birika haijui injini imebaki na lita ngapi. Nyuma yake kuna swichi ya waya mmoja, yenye kiwambo na springi ndani. Presha ya oili ikisukuma kiwambo, saketi inakatika na taa inazimika. Presha ikishuka chini ya psi 3 hadi 7 hivi (psi ni kipimo cha presha), saketi inafunga na taa inawaka. Basi. 1NZ-FE inachukua lita 3.7 pamoja na filta, na kati ya alama ya F (imejaa) na L (imepungua) kwenye stiki ya kupimia oili kuna kama lita moja hadi moja na nusu. Unaweza kuwa umepita chini ya L na taa bado imezima, kwa sababu pampu ingali inapata cha kuvuta. Itaanza kumeta ukikata kona, ukifunga breki au ukipanda mlima, pale oili inapokimbilia upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini) na pampu ikanyonya hewa. Anayesubiri taa ndipo aongeze oili amechelewa.

Magari ya Ulaya kama BMW, Mercedes na Volkswagen mengi yana taa ya pili ya njano. Hiyo ndiyo ya kiasi, na inakupa nafasi ya kufika kituo cha mafuta ukaongeze. Nyekundu haina subira: toka pembeni, zima injini, subiri dakika 5 hadi 10 oili ishuke kwenye sampu, kisha chomoa stiki gari likiwa mahali tambarare. Oili ikiwa imepungua, ongeza, washa, na taa izimike ndani ya sekunde chache. Ikiwa stiki inasoma F na taa bado imewaka, usiwashe tena, vuta gari. Mafundi wanaosema "endesha taratibu mpaka gereji" ndio hao hao watakaokuandikia bili ya ovahoo.

Geji: nunua hii kwanza

Kinachouzwa ni kisanduku cha plastiki chenye saa ya presha, mpira wa oili na rundo la adapta za shaba. Bei haiko mbali na ya galoni moja la oili nzuri. Ubora unatofautiana sana, na makosa yanajirudia.

Baya kuliko yote ni adapta. Toyota na Wajapani wengi hutumia thredi (meno ya skrubu) ya kipimo cha 1/8 BSPT, yenye meno 28 kwa inchi. Visanduku vingi vimejazwa 1/8 NPT ya Kimarekani, yenye meno 27. Ukizitazama kwa haraka ni mapacha. Adapta ya NPT ikiingizwa kwenye bloku ya Toyota inazunguka kwa mkono raundi mbili tatu, kisha inabana. Anayeendelea kuilazimisha kwa spana anakula thredi za bloku, na tundu lile haliuzwi dukani. Beba swichi ya zamani, ilaze ubavu kwa ubavu na adapta, ziinue kwenye mwanga. Meno yakikaa sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, chukua. Yakianza sawa kisha yakaanza kupandana, rudisha. Tumekipunguzia alama kila kisanduku kisichokuwa na BSPT, hata kama saa yake ni nzuri.

Saa yenyewe: nyingi zinaishia psi 140. Injini ikiwa moto na hujakanyaga mafuta, unachotaka kusoma kiko kati ya psi 4 na 30, na kwenye skeli ndefu hivyo mshale unasogea kidogo tu. Saa ya psi 100 inasomeka vizuri zaidi. Hakikisha mshale unarudi sifuri mpira ukiwa haujafungwa. Kama umekaa psi 3 bila kazi, kila namba utakayoisoma ni ya uongo, na psi 3 ndiyo tofauti kati ya injini nzima na injini inayokufa.

Kupima kwenyewe kunachukua nusu saa. Kwanza stiki isome F, maana kupima presha oili ikiwa imepungua ni kupoteza muda. Zima, chomoa soketi ya waya, weka kitambaa chini ya swichi, ifungue kwa soketi ndefu ya 24. Funga adapta na mpira, na upitishe mpira mbali na egzosti na mikanda. Washa ukiwa unaangalia maungio. Tone lolote likitoka, zima. Kisha acha injini ipate moto kamili mpaka feni ya rejeta iwake na kuzima angalau mara moja. Watu wengi husoma injini ikiwa baridi, wanaona psi 60 na kufurahi. Oili baridi ni nzito. Hata injini iliyochoka huonyesha presha nzuri asubuhi.

Kipimo cha Toyota kwa familia ya A, ikiwamo 5A-FE na 7A-FE, ni angalau psi 4.3 injini ikiwaka bila kukanyagwa, na psi 36 hadi 71 kwa mizunguko 3,000. Kwa 1NZ-FE ni angalau kPa 39, yaani psi 5.7, na kPa 150 hadi 550 kwa 3,000, ambazo ni psi 22 hadi 80. Namba za chini ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Injini yenye afya hukaa juu yake kwa mbali, lakini psi 10 ikiwa moto kabisa si msiba.

Sasa ndipo geji inapolipa bei yake. Taa inamulika na geji inasoma psi 15: injini haina neno, swichi imekufa au waya unagusa bodi. Geji inasoma 3, ukipiga resi inafika 20 kwa shida: chunguza beringi za krenki (shafti kuu ya injini), pampu, au valvu ya kupunguza presha iliyonasa ikiwa wazi. Presha ni nzuri ukianza safari, inashuka baada ya muda wa mwendo, ukipumzika inarudi: chujio la pampu ndani ya sampu limeziba tope, shusha sampu. Na kama oili kwenye stiki ni nyembamba na inanuka petroli, anza na kubadili oili na kutafuta kwa nini petroli inashuka chini, maana oili iliyochanganyika na petroli haishiki presha.

Swichi: rahisi, ila inafungwa vibaya

Hapa hela ni ndogo na matokeo ni ya haraka. Swichi za zamani zina ugonjwa mmoja mzuri kuujua: kiwambo kikipasuka, oili hupenya ndani ya swichi yenyewe na kutokea kwenye soketi ya waya. Chomoa soketi, ukikuta oili ndani yake, umepata uvujaji na sababu ya taa kwa mkupuo mmoja. Swichi ya Toyota yenye namba 83530-60020 inaingia kwenye injini zao nyingi, lakini linganisha na ya kwako kabla ya kulipa.

Mafundi wengi huzungushia tepu nyeupe ya bomba mpaka thredi hazionekani. Swichi ya waya mmoja inapata ethi kupitia thredi zake. Tepu ikizidi, ethi inakatika na taa haitawaka tena hata presha ikiwa sifuri. Vipande vya tepu vinaweza pia kuingia kwenye njia ya oili. Toyota wanataka gundi ya thredi kwenye meno 2 au 3 tu, kukaza kwa Nm 15 hivi (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukazia), na kusubiri saa moja kabla ya kuwasha injini. Wengi huruka hiyo saa moja kisha wanalaumu swichi kwamba inatoa jasho.

Ukinunua gari la mkononi, washa ufunguo bila kuwasha injini: taa ya oili lazima iwake. Isipowaka, waya umechomolewa, balbu imetolewa au swichi imekufa. Kama imewaka, chomoa waya wa swichi ufunguo ukiwa bado umewashwa, taa izimike. Isipozimika, waya unagusa bodi mahali fulani na swichi mpya haitasaidia chochote.

Chupa za dawa: mbili tofauti, rafu moja

Dukani zimepangwa pamoja na zote zimeandikwa kwamba zinazuia oili kuvuja au kuliwa, lakini kazi zao hazifanani. Kundi la kwanza ni dawa za kulainisha mipira, kama zile za Liqui Moly na Wynn's au ATP AT-205. Zinalenga sili za mpira zilizokauka na kusinyaa, zinazipa unyumbufu na kuzivimbisha kidogo. Kundi la pili ni vinenesha oili, kama Lucas Heavy Duty Oil Stabilizer. Hivi vinaongeza uzito wa oili tu.

La kwanza tunalikubali kwa masharti. Gari linalotoa jasho kwenye sili ya mbele au ya nyuma ya krenki, tone moja mawili usiku, linaweza kupungua kuvuja na kukaa hivyo kwa miezi. Usitegemee kuona kitu siku hiyo hiyo. Mpira unahitaji mamia ya kilomita za oili moto. Toa oili kiasi sawa na cha dawa unayomimina, vinginevyo umepita F, na oili iliyozidi inapigwa na krenki, inatoa povu, na povu halijengi presha. Usirudie chupa juu ya chupa. Mpira uliovimba kupita kiasi unalegea na kuvuja vibaya kuliko mwanzo, na hapo hakuna dawa.

Kuna sehemu ambazo chupa haigusi kabisa: gasketi ya tapeti kava iliyokauka na kuwa kama plastiki, kava ya cheni ya 1NZ iliyofungwa kwa silikoni, washa ya nati ya kumwagia oili, filta iliyofungwa na mpira wa zamani ukabaki umeganda kwenye bloku. Hapo mpira wa kulainisha ama haupo ama umekwisha.

Kundi la pili tunalikataa kwa gari ambalo taa imeshaanza kumulika. Lucas wanaelekeza asilimia 20 ya ujazo. Kwa 1NZ hiyo ni kama lita 0.74 ya kitu kizito kinachochukua nafasi ya oili. Presha itapanda, taa itazimika, na beringi zilizochakaa zitabaki zimechakaa. Umezima kengele, si moto. Ndiyo maana kinenesha kinapendwa na anayeuza gari. Ukikagua gari la kununua na ukikuta oili kwenye stiki inavutika nyuzi ndefu kati ya vidole ikiwa moto, dai geji ifungwe kabla ya kuzungumza bei. Kwenye injini isiyo na shida ya presha ila inatafuna oili kidogo, kinenesha si dhambi. Ni gharama tu.

Galoni la 20W-50 linafanya kazi ile ile kwa jina jingine. 5A-FE ya zamani kwenye joto la Dar es Salaam inaweza kuvumilia. 1NZ ina VVT-i, mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka, ambayo inaendeshwa na oili kupitia valvu yenye chujio dogo, na oili nzito asubuhi inachelewa kufika huko. Kutoka 5W-30 kwenda 10W-40 ni hatua inayoeleweka kwa injini iliyokimbia sana. Zaidi ya hapo unaficha kitu. Kama unataka oili inayosaidia sili, nunua ile iliyotengenezwa kwa injini zenye kilomita nyingi, mfano Valvoline MaxLife: dawa ya mipira imo ndani kwa kipimo chake, uzito haujabadilishwa, na huhitaji kumimina chupa pembeni. Tunaiweka juu ya chupa zote kwenye ukaguzi huu. Nunua kwa wakala anayeaminika, maana magaloni ya kujazwa upya yapo na mihuri yake inafanana.

Gasketi na sili: hakikisha kwanza unafunga panapovuja

Oili inavuja juu na kuonekana chini, halafu upepo unaisukuma nyuma. Osha injini kwa dawa ya kuondoa grisi, ikaushe, pulizia poda ya kawaida maeneo yenye shaka, zungusha gari dakika 15, kisha tafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Rangi ya UV na tochi yake ni bora zaidi kama sehemu imefichika. Weka boksi chini usiku: kahawia au nyeusi ni oili ya injini, nyekundu ni ya giaboksi ya otomatiki au ya pawa stelingi, na yenye harufu kali kama ya kiberiti ni oili ya gia. Maji safi chini ya upande wa abiria ni ya AC. Kuna watu wameuziwa dawa kwa ajili ya maji hayo.

Kabla ya kununua gasketi yoyote, angalia valvu ya PCV, ile inayotoa gesi ndani ya injini. Ikiziba, moshi wa ndani ya injini unakosa njia na unasukuma oili nje kupitia sili zote, nzima na mbovu. Ichomoe, itikise, ikae ikigonga. Injini ikiwaka, weka kidole kwenye mdomo wake uhisi mvuto. Ni spea ya bei ndogo kuliko chupa yoyote ya dawa, na imewahi kufanya sili mpya zionekane feki.

Kwenye familia ya A kuna mtego unaogharimu watu pesa nyingi. Distributa imekaa mwishoni mwa silinda hedi, juu ya giaboksi, na nyuma yake kuna oringi moja. Oringi ikikauka, oili inashuka ukutani, inapita juu ya nyumba ya klachi na kudondoka pale pale ambapo sili ya nyuma ya krenki ingedondosha. Fundi aliyelala chini ya gari anaona oili kati ya injini na giaboksi, anatangaza kushusha giaboksi. Pitisha kitambaa cheupe chini ya distributa kwanza. Kikitoka na oili, kazi ni boliti mbili: weka alama ya mahali distributa ilipokaa ili taimingi isihame, ichomoe, vua oringi, vesha mpya iliyopakwa oili, rudisha kwenye alama. Kona ya nyuma ya tapeti kava nayo inacheza mchezo huo huo.

Ukibadilisha gasketi ya tapeti kava, nunua seti yenye sili za matundu ya plagi. Ukikuta oili imejaa kwenye shimo la plagi na waya wake umelowa, zile sili ndizo zilizoisha, si gasketi ya pembeni. Toa oili ile kwa sindano au kitambaa kabla ya kufungua plagi, la sivyo itaingia kwenye silinda.

Silikoni ni nzuri mahali pake, na mahali pake ni sampu, kava ya cheni na zile kona ambazo kitabu kinaitaja. Toyota wana yao nyeusi, namba 08826-00080. Nyuso zote mbili ziwe kavu na zisiwe na hata filamu ya oili. Mstari uwe mwembamba, upite upande wa ndani wa matundu ya boliti, na sampu ipandishwe ndani ya dakika 3 hadi 5. Wanaoipaka kama siagi hawajui kwamba kinachojikamua nje kinaonekana, lakini kiasi kama hicho kimejikamua ndani pia. Nyuzi zile zinakatika, zinaelea, zinafika kwenye chujio la pampu. Gari lililokuja likivuja kidogo linaondoka likiwa kavu, na baada ya muda taa nyekundu inawaka. Silikoni juu ya gasketi ya mpira ya tapeti kava haihitajiki, isipokuwa tone dogo kwenye zile kona.

Nati ya kumwagia oili haihitaji silikoni wala tepu. Inahitaji washa mpya kila servisi, ile namba 90430-12031, na kukazwa kwa Nm 37 hivi. Sampu nyingi zinavuja hapo kwa sababu mtu aliikaza kwa bomba refu mpaka thredi zikalia.

Sili ya nyuma ya krenki, ikithibitika kweli ndiyo, haina njia ya mkato ya kudumu. Giaboksi ikishashushwa, badilisha na sili ya shafti ya kuingilia kwenye giaboksi, na kama ni manyuo, klachi pleti na beringi yake, kwa sababu fedha kubwa imekwenda kwenye kushusha. Kisha pitisha ukucha juu ya krenki pale mdomo wa sili ya zamani ulipokuwa ukisugua. Ukucha ukinasa, pana mfereji, na sili mpya ikikalishwa mstari ule ule itavuja tangu siku ya kwanza. Ipachike milimita 1 au 2 ndani zaidi ili mdomo ukae kwenye chuma kizima, bila kuisukuma ikaenda upande. Mdomo upakwe grisi kabla ya kuingia, maana sili iliyopachikwa kavu inaungua wakati injini bado inasubiri oili ya kwanza ifike.